Umeleta mtoto wa mbwa nyumbani? Soma haya kwanza



Leo nazungumzia jambo ambalo wengine watalicheka: mtoto wa mbwa. Kule kwetu mbwa ni mlinzi. Analala nje, anakula makombo, akibweka usiku tunajua kuna mtu uani, na asubuhi hakuna anayemuuliza kaamkaje. Huku ughaibuni mambo ni mengine. Watoto wetu wanasoma na wenzao ambao mbwa wao analala juu ya kochi, na kila ikifika siku ya kuzaliwa ombi ni lile lile. Mzazi anakataa mwaka wa kwanza, anakataa wa pili, wa tatu anachoka. Siku moja kinaingia kikapu mlangoni, ndani kuna kiumbe kinachotetemeka na kulia usiku kucha, na hapo ndipo simu zinaanza. "Dada, huyu hawezi kumwambukiza mtoto minyoo?" "Dada, kanitia meno kidogo kidoleni, sitapata kichaa?"

Mimi ni muuguzi wa binadamu, si daktari wa mifugo, kwa hiyo mengi nitakayosema yanawahusu ninyi na watoto wenu. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, kisha nikasoma tena hapa Uingereza, ndiyo maana mifano mingi ni ya huku. Walio Marekani na Ghuba nitawagusia pale penye tofauti.

KABLA HUJAMLETA

Swali la kwanza si la ugonjwa, ni la ratiba ya kazi. Tunajuana. Baba yuko kwenye maboksi usiku, mama anafanya zamu ya saa kumi na mbili kwenye nyumba ya wazee, na Jumamosi kuna ovataimu. Mtoto wa mbwa wa wiki nane hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima. Anakula mara nne kwa siku, anajisaidia kila baada ya kula na kila akiamka usingizini, na akiachwa peke yake muda mrefu analia mpaka jirani anapiga simu. Kama watu wazima wote wa nyumba wanatoka asubuhi na kurudi usiku, ushauri wangu ni msimchukue, hata watoto walie vipi. Mbwa mkubwa aliyekwisha kufundishwa, kutoka vituo vya kuokoa wanyama, anaweza kuwafaa zaidi, ingawa naye hapaswi kuachwa kutwa.

Kama nyumba ni ya kupanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Neno la mdomo halitakusaidia siku atakapokuja kukagua kapeti.

Sasa kuhusu kununua. Tangu Aprili 2020 sheria ya England, inayojulikana kama Sheria ya Lucy, inakataza wafanyabiashara wa kati kuuza mbwa na paka walio chini ya miezi sita. Maana yake unanunua kwa aliyemzalisha mwenyewe, au unachukua kutoka kituo cha kuokoa wanyama, na unapaswa kumwona mtoto akiwa pamoja na mama yake, mahali alipozaliwa. Mtu akikwambia mkutane kwenye maegesho ya supamaketi au kituo cha mafuta kwa sababu "nyumbani kuna ukarabati", rudi kwako. Wengi wa mbwa wa namna hiyo wametoroshwa kutoka nje ya nchi, wametenganishwa na mama yao mapema mno, hawana chanjo, na karatasi zao za umri ni za uongo. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kukupa mtoto wa chini ya wiki nane, na mtoto wa mbwa anapaswa kuwa na chipu chini ya ngozi kabla hajakabidhiwa kwako. Chipu ni lazima England, Scotland na Wales tangu Aprili 2016. Ukimpokea, kazi yako ni kubadilisha jina na anwani kwenye daftari la chipu hiyo, la sivyo akipotea ataitiwa yule aliyekuuzia.

Jihadhari pia na aina. XL Bully haruhusiwi kuuzwa wala kutolewa bure England na Wales tangu 31 Desemba 2023, na tangu Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti maalum. Mtu akikupa "zawadi" ya mtoto wa aina hiyo anakupa kesi, na kwa sisi ambao wengine karatasi zetu za ukaazi bado ziko mezani kwa wakubwa, kesi si jambo la mchezo.

CHANJO ZA MBWA MWENYEWE

Wiki ya kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki nane, ya pili wiki mbili hadi nne baadaye, halafu kuna ya kurudia kila mwaka. Ugonjwa unaoua watoto wa mbwa haraka kuliko yote ni pavo. Anatapika, anaharisha damu yenye harufu kali, anaishiwa maji, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Virusi vyake hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, kwa hiyo mbwa wako hahitaji kukutana na mbwa mgonjwa, inatosha anuse mahali alipopita. Ndiyo maana madaktari husema asikanyage barabarani wala bustani ya umma mpaka wiki moja au mbili baada ya chanjo ya pili, kutegemea aina ya chanjo. Lakini msimfungie kabisa. Mbebeni mikononi, aone mabasi, aone watu wenye kanzu, baibui na kofia, asikie honi. Kile anachokizoea kabla ya kufikisha miezi mitatu na nusu hivi ndicho hatakiogopa ukubwani, na mbwa mwenye woga ndiye anayeuma.

Chanjo nyingine inakinga leptospirosi. Huu tunaujua kwa jina jingine: ndiyo ile Homa ya Mgunda iliyosikika mkoani Lindi mwaka 2022. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, mbwa akiogelea au kunywa maji machafu anaupata, na mkojo wake unaweza kumwambukiza binadamu. Kwa hiyo sindano hiyo ya mbwa ni kinga yako pia.

MINYOO, NA HAPA NAOMBA MSIKILIZE

Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo. Minyoo ya duara aina ya toksokara hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni na kwenye maziwa. Usimlaumu aliyekuuzia, ila mwulize alimpa dawa lini. Kawaida hupewa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki kumi na mbili, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Daktari wa mifugo ndiye atakayekupimia kwa uzito wake. Msigawe kidonge cha minyoo cha binadamu kwa kukisia.

Mayai ya minyoo hii hutoka na kinyesi. Yakianguka leo hayamdhuru mtu leo, yanahitaji wiki mbili tatu kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza. Hiyo ni habari njema sana, kwa sababu mama anayeokota kinyesi siku ile ile na kukifunga kwenye mfuko amekwisha kukata mnyororo. Kinachotuponza ni kinyesi kilichoachwa kwenye kona ya bustani mpaka kikasagika, kisha mtoto wa miaka mitatu akaja kuchezea udongo na kutia vidole mdomoni. Ndani ya mwili wa binadamu mabuu hawa hawakui kuwa minyoo mikubwa, wanatangatanga tu: kwenye ini, mapafu, na mara chache kwenye jicho, ambako wanaweza kuharibu uwezo wa kuona kabisa. Haitokei sana, lakini jicho la mtoto halina spea.

Na ninyi mliopanda mchicha na majani ya maboga nyuma ya nyumba, nawaomba msitie kinyesi cha mbwa kwenye mbolea, na mwekeeni mbwa uzio asifike matutani. Mayai hayo yanaweza kukaa udongoni miaka. Mboga ziosheni vizuri kwa maji yanayotiririka.

Kina mama wajawazito huniuliza sana kama mbwa ataharibu mimba. Wanachanganya majina mawili. Toksoplasma, ile inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, inatoka kwenye kinyesi cha paka, na pia kwenye nyama isiyoiva. Mbwa si chanzo chake kikuu. Hata hivyo mjamzito aachiwe kazi nyingine za nyumbani, kinyesi cha mbwa akiokote mtu mwingine, na kama hakuna mwingine avae glavu. Kama mbwa ni wa kuokolewa kutoka Ulaya Mashariki, mwulize daktari wa mifugo kuhusu kipimo cha brusela kabla hajaingia ndani.

Kuharisha ni jambo jingine. Mtoto wa mbwa anayeharisha anaweza kuwa na kampilobakta, bakteria anayewapa watu tumbo la kukata na homa. Marekani kati ya 2016 na 2018 kulikuwa na mlipuko uliotokana na watoto wa mbwa wa madukani, na dawa nyingi za kawaida zilishindwa kuutibu. Kinga yake ni maji na sabuni. Kunawa baada ya kumshika, kunawa kabla ya kula, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki moja na sufuria zenu. Asiwalambe watoto mdomoni, wala penye kidonda.

Nikigusa mate, najua wasomaji Waislamu wanangoja. Kuhusu najisi, mimi si wa kutoa fatwa. Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wanajua habari ya kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, na Wamaliki wana mtazamo mwingine. Mwulizeni sheikh wenu kabla ya kununua, si baada. Kwa upande wa afya, nyumba yenye sehemu ya mbwa na sehemu isiyo ya mbwa inanipendeza sana. Mbwa hapotezi chochote kwa kutoingia vyumba vya kulala, na mwenye pumu au mzio anapata pa kupumulia. Kama mtoto wako ana pumu, mpeleke kwanza kwenye nyumba yenye mbwa mara mbili tatu muone kifua kinafanyaje. Hakuna aina ya mbwa isiyoleta mzio kabisa, hata akisema nini muuzaji.

MENO

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya maziwa, yamechongoka kama sindano, na huanza kung'oka kwenye miezi minne. Mpaka hapo atatafuna kila kitu, na mkono wa mtoto wako ukiwemo. Si ukali, ni mchezo wake. Msimpige. Acheni kucheza naye papo hapo, mpeni kitu cha kutafuna. Na mtoto mdogo asiachwe chumba kimoja na mbwa bila mtu mzima, hata dakika moja ya kwenda kugeuza chapati.

Jino likipenya ngozi, osheni kwa maji ya bomba na sabuni dakika kadhaa, acheni damu itoke kidogo, funikeni kwa kitambaa safi. Ulizeni kama chanjo ya pepopunda imekamilika. Kidonda cha mkono, cha uso, cha karibu na kiungo, au tundu dogo lenye kina, pigeni 111 au nendeni kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Tundu dogo ndilo linalodanganya, kwa sababu juu linafunga na bakteria wamebaki chini.

Sasa kuna watu ambao kwao sitasema "kidogo tu". Jamii yetu ina watoto wengi wenye siko seli. Siko seli huharibu bandama tangu utotoni, na bandama ndiyo inayochuja baadhi ya bakteria kwenye damu. Katika mate ya mbwa, hata mbwa mzima asiye na ugonjwa wowote, kuna bakteria aitwaye kapnositofaga. Mtu mwenye bandama nzima kwa kawaida hamsumbui. Kwa asiye na bandama inayofanya kazi anaweza kuingia kwenye damu na kuua kwa siku mbili tatu. Familia moja ya kwetu walinipigia jioni moja: binti yao wa miaka saba, mwenye siko seli, alitiwa meno na mbwa wao mpya asubuhi, alama mbili tu kwenye kidole, hakulia hata. Mama alikuwa anataka kujua ampake nini. Nikauliza joto lake, akasema kama kachemka kidogo. Nikamwambia aache kupaka, achukue koti la mtoto, aende emajensi sasa hivi na aseme maneno mawili mlangoni: siko seli, kuumwa na mbwa. Alipewa dawa kwenye mshipa usiku ule na alilala hospitali siku nne. Leo yuko shule. Mbwa naye bado yupo, ila amehamia upande wa jikoni na kuna kigeti.

Kwa hiyo mwenye siko seli, aliyeondolewa bandama, anayetibiwa saratani, anayetumia dawa za kushusha kinga, mwenye VVU ambaye kinga yake bado iko chini, na mnywaji wa pombe wa kupindukia: jino au kulambwa kidonda ni safari ya hospitali siku hiyo, bila kungoja homa. Penisilini ya kila siku anayokunywa mtoto wa siko seli isiwape usingizi, haitoshi kwa jambo hili.

JIKONI KWETU

Vyakula vyetu ni vitamu kwetu, kwa mbwa vingine ni sumu. Kitunguu maji na kitunguu thaumu huvunja chembe zake nyekundu za damu, kwa hiyo mchuzi wowote hapewi. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo zake, na sisi tunazitia kwenye pilau, biriani na keki. Donge la maandazi lenye hamira likiachwa mezani akalimeza, linaumuka tumboni na kutoa pombe, na hiyo ni dharura. Chokoleti, na zaidi ile nyeusi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Pipi za kutafuna zisizo na sukari zina zailitoli, ambayo kwenye pakiti huandikwa xylitol au E967, na chache tu zinamwangusha.

Panadol na ibuprofen za kwenye pochi yako zisimkaribie. Akiumwa, usimpe dawa ya binadamu hata nusu kidonge. Na matone ya viroboto ya mbwa yenye permethrin yasipakwe paka, yatamuua.

Ugali na dagaa hautamdhuru, ila hautamkuza. Mifupa inayokua inahitaji chakula cha watoto wa mbwa kilichopimwa, na wiki ya kwanza mpeni kile kile alichozoea kwa aliyemzalisha, mkibadilisha polepole. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha. Walio Muscat, Doha na Dubai, watoeni alfajiri au usiku. Weka kiganja chako kwenye lami, kama huwezi kuvumilia sekunde tano, na yeye hawezi.

Akitapika mfululizo, akiharisha damu, ufizi ukipauka, tumbo likivimba, au akilegea na kukataa kuamka, mpigieni daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Huku hakuna NHS ya wanyama na bili inaweza kuzidi kodi ya mwezi. Kateni bima wiki ya kwanza, maana bima hailipii ugonjwa ulioanza kabla. Wanaopokea misaada ya serikali waulize PDSA, shirika la hisani lililoanza mwaka 1917, kama wanastahili matibabu ya bure au ya bei nafuu.

KICHAA CHA MBWA, NA SAFARI YA NYUMBANI

Hapa Uingereza mbwa wa hapa hapa hawana kichaa, kwa hiyo meno ya mbwa wako uliyemnunua kihalali hayana hofu hiyo. Mbwa aliyetoroshwa kutoka nje ni habari nyingine, na hapo mwelezeni daktari ukweli wote, hata kama mnaona haya. Walio Marekani, majimbo mengi yanalazimisha chanjo hiyo, na popo na wanyama wa porini huko wanao ugonjwa.

Hofu yangu kubwa ni likizo. Watoto wetu waliozoea mbwa wa kochi wanafika Tanga au Kisumu, wanamwona mbwa uani, wanamkimbilia kumkumbatia. Wafundisheni kabla ya ndege kwamba mbwa wa kule haguswi. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kwa saa, lisipakwe majani wala pilipili, kisha hospitali siku hiyo kuanza sindano. Msingoje kurudi Uingereza. Muulize pia kuhusu sindano ya kinga ya haraka inayochomwa kwenye jeraha. Karatasi za chanjo mrudi nazo, 111 watawaelekeza pa kumalizia dozi. Na kama mmekwisha kurudi na ndipo mtoto anasema aliumwa wiki tatu zilizopita, bado nendeni leo. Ugonjwa huu hukaa kimya wiki au miezi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Wanaofikiria kuja na mtoto wa mbwa kutoka nyumbani: kwa Uingereza lazima awe na chipu, chanjo ya kichaa baada ya wiki 12 za umri, kipimo cha damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, halafu kungoja miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa, na dawa ya tegu siku moja hadi tano kabla ya kuingia. Marekani, tangu Agosti 2024, hapokelewi mbwa wa chini ya miezi sita, na anayetoka nchi zenye kichaa ana masharti zaidi. Kwa hesabu hiyo atakapofika atakuwa si mtoto tena, na tikiti yake itakuwa imezidi yako.